Bwana Picha na Filamu Zake Tisa

Familia imemwomba mdogo wake marehemu, yule mshonaji wa sare za shule ambaye wengi wenu mnamwita Sindano, asome wasifu huu kwa sababu ndiye aliyekuwa kando ya kitanda siku ya mwisho. Angekuwa na pa kujificha, angejificha. Lakini wasifu wa mtu hauandikwi na jirani, na yaliyomo humu hakuna mwingine wa kuyasema.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Bwana Picha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi breki wa mabehewa na mkewe aliyekuwa mpishi wa hospitali. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alijua kucheka kabla shingo yake haijakaza. Kicheko chake kilianzia puani, kikashuka mabegani, kikanyamaza kidogo kama kinatafuta njia, halafu kikatoka kwa mlio mmoja mwembamba uliowafanya watu waache kucheka kichekesho na kuanza kumcheka yeye. Walio chini ya miaka arobaini hapa hawajawahi kukisikia. Kilisikika mara ya mwisho tarehe 15 Agosti 1987. Tangu hapo mdogo wake alijiapiza kwamba kaka yake hatazikwa kabla hajacheka tena, hata mara moja. Leo anazikwa.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na tangi la maji kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Hesabu alizijua, kuchora alijua, kunyamaza hakujua. Siku moja mwalimu wa historia, mtu mkali wa suti ya kahawia, alikaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi huku akisoma habari za kifo cha mfalme fulani. Kila mfalme alipokaribia kukata roho, kiti kiliinama upande na mwalimu akainama nacho. Marehemu alitolewa nje asimame juani. Akaendelea kucheka huko huko nje, dirishani, hadi mwalimu mwenyewe akafunga kitabu na kusema, "Basi, mfalme atakufa kesho." Sekondari alikaa miaka miwili tu. Mwaka 1967 baba alipondwa mkono kazini, na mtoto wa kiume pekee akaambiwa atafute kazi.

Kazi aliipata tarehe 3 Januari 1968 katika jumba la sinema la barabara ya stesheni, kufagia maganda ya karanga kati ya viti. Mwaka 1970 alipandishwa kuwa msaidizi wa mitambo, na mwaka 1976, fundi mkuu alipostaafu, chumba cha mitambo kikawa chake. Kilifikiwa kwa ngazi ya chuma yenye vidato kumi na saba. Urefu wa chumba hatua nne, upana wake hatua tatu, na ndani mlikuwa na mitambo miwili mikubwa iliyopokezana mikanda, stuli moja, feni iliyolia kuliko ilivyopuliza, na dirisha la kioo lenye ukubwa wa daftari la kutazamia ukumbi. Mlango ulikuwa wa bati zito, na sheria ya fundi wa zamani ilikuwa kwamba picha ikianza mlango unakomewa kwa ndani. Marehemu aliishika sheria hiyo kama amri.

Humo ndimo alimokutana na kazi za mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho. Alikuwa mwongozaji wa filamu za kuchekesha aliyetengeneza filamu tisa maishani mwake, kisha akanyamaza. Marehemu alimwita Mwalimu, basi. Wengine walizitazama filamu hizo mara moja wakavunjika mbavu, wakaenda zao. Yeye alizionyesha mara mamia, na kila mara aligundua jambo. Angekushika bega njiani akusimulie *Mnada wa Kitanda*, ambamo mzee anauziwa kitanda huku amelala juu yake, na yeye mwenyewe anapandisha bei. Angekuchelewesha kazini kwa ajili ya *Likizo ya Mhasibu*. Na *Harusi ya Fundi Bomba*, loo! Hiyo aliisimulia kwa mikono yote miwili: bwana harusi amezuia bomba lililopasuka nyumbani kwa wakwe kwa kidole chake, akikiondoa nyumba inafurika, basi wageni wote, na msimamizi wa ndoa, na keki, vinahamia bafuni. Mdogo wake aliisikia hadithi hiyo tangu akiwa msichana wa shule. Angekuwa na akili, hilo peke yake lingetosha kumwonyesha ipi ndiyo kipenzi chake.

Tarehe 20 Desemba 1979 alifunga ndoa na karani wa posta, ambaye yupo nasi leo, ameketi mstari wa mbele, na familia inamshukuru kwa kuja. Walivyojuana ni hivi. Yule dada alikuwa akipenda kukaa viti vya nyuma kabisa, na kila Jumamosi akawa anasikia mtu anacheka juu ya kichwa chake, ndani ya ukuta. Wiki ya tatu akaenda kwa mkata tiketi.

"Samahani, dada, hivi humu ukutani mna mtu?"

"Yumo," mkata tiketi akajibu. "Na hana mke."

Mtoto wao wa pekee, msichana, alizaliwa tarehe 2 Juni 1981. Mkata tiketi alimzoea sana, akawa anampakata dirishani pake kila Jumamosi mchana, na watu wakamwita Tiketi mpaka jina lake la shule likasahaulika. Alirithi pua ya baba na kile kicheko.

Tarehe 15 Agosti 1987, siku ya Jumamosi, Tiketi aliamka na homa. Mama yake akasema ni homa tu ya watoto, baba aende kazini, kuna onyesho la saa tisa alasiri. Kufika saa nane shingo ya mtoto ilikuwa imekakamaa, na mama akambeba mbio hadi hospitali. Saa kumi kasoro daktari akamwambia aite baba wa mtoto. Akapiga simu sinema. Mkata tiketi akaacha simu wazi, akapanda vidato vyote kumi na saba, akagonga. Akagonga tena. Kisha akashuka, akashika simu akihema, akasema maneno ambayo ameyajutia maisha yake yote: "Hafungui, wifi. Namsikia anacheka."

Marehemu aliposhuka hatimaye na kukimbia hadi wodini, Tiketi alikuwa ameshafariki robo saa kabla. Mkewe hakupiga kelele. Alimwuliza jambo moja tu.

"Ni kweli ulikuwa unacheka?"

Marehemu hakujua kusema uongo, hata uongo wa kumsaidia. Akasema, "Ndiyo."

Waliishi pamoja miaka miwili zaidi, wakiheshimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Mwaka 1989 mama Tiketi aliomba uhamisho, akaondoka bila ugomvi. Familia haikumlaumu wakati ule na haimlaumu leo.

Marehemu alirudi chumbani kwake kwa mitambo. Wengi walishangaa. Walidhani ataacha kazi, au angalau atazikimbia filamu za kuchekesha. Hakuzikimbia. Alizionyesha na kuzitazama kupitia kile kidirisha, na mahali ambapo ukumbi mzima uliinuka kwa kicheko, yeye alitikisa kichwa polepole na kusema, "Hapo pamekaa vizuri." Ndiyo ikawa hukumu yake kwa kila kichekesho duniani.

Sindano hakukubali. Kwa miaka zaidi ya thelathini alimjaribu kaka yake kwa kila hila. Alimwigizia majirani. Alimshonea suruali yenye mifuko mgongoni, akaileta kwa uso mkavu kabisa. Marehemu akaivaa, akatafuta mifuko, akaipata, akasema imekaa vizuri, na akaenda nayo kazini siku mbili. Mtu mwingine angecheka. Ilifika mahali Sindano akarudi nyumbani na kulia kwa hasira, kwa sababu mtu unaweza kumnyang'anya sumu mkononi, lakini huzuni ya namna hii haina pa kuishika.

Sinema ilifungwa tarehe 30 Novemba 2003. Sasa ni duka la makabati. Marehemu alihamishia ufundi wake kwenye vyerehani, na vyerehani vyote vitatu vya mdogo wake vinazunguka hadi leo kwa sababu yake. Mwaka 2015 mpwa wake, binti wa Sindano, alizipata filamu zote tisa za Mwalimu, akaziweka kwenye kompyuta yake, na Jumapili akawa anampelekea mjomba wake atazame. Hizo zilikuwa siku ambazo alivaa shati lililopigwa pasi.

Tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, Sindano alipeleka sindano zilizovunjika amwonyeshe kaka yake ubovu wa cherehani, akamkuta sakafuni kando ya meza ya kazi, bisibisi bado mkononi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia na ulimi. Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda namba kumi na nne, karibu na dirisha linalotazama paa la jiko la hospitali. Mkono wa kushoto uliinuka kidogo, macho yalifuata watu, lakini neno halikutoka tena. Tarehe 4 Machi daktari alimwita Sindano pembeni akamwambia moyo umechoka, ni suala la siku.

Jioni hiyo alikwenda chumbani kwa kaka yake kuchukua shuka. Kwenye mtoto wa meza akakuta daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa marehemu ulionyooka, paliandikwa: *Filamu za Mwalimu, nizipendazo.* Chini yake, namba moja hadi tisa. Sindano alikaa kitandani akalia kwa furaha, kwa sababu aliona amepewa dawa. Namba moja ilikuwa *Mpangaji Mpya*. Hakuwahi kumsikia kaka yake akiitaja, na hilo halikumshtua. Alijiambia kwamba kipenzi cha moyo mtu hukificha. Na mshonaji akiandikiwa namba hakati kwa kubahatisha.

Tarehe 6 Machi, saa nane mchana, alifika na kompyuta ya binti yake. Muuguzi wa zamu aliitazama, akatazama wagonjwa wengine, akasema, "Saa mbili tu, mama. Zikizidi matroni atanitoa roho." Sindano akaiweka juu ya meza ya chakula, akaisogeza hadi kifuani kwa mgonjwa, akamwinua kwa mito miwili.

"Kaka, leo utacheka," alimwambia. "Nimejua ile unayoipenda."

*Mpangaji Mpya* ni hadithi ya mtu aliyejifungia chumbani akijifanya hayupo, na mwenye nyumba anagonga mlango. Basi, ni hiyo tu. Anagonga kwa ngumi, kwa kiatu, kwa sufuria, kwa kichwa cha mtoto wa jirani, dakika kumi na mbili mfululizo, na mpangaji ndani anakunywa chai. Ni filamu ya kuchekesha kweli. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na tano, aliyekuwa na mguu kwenye plasta, alicheka hadi akaomba maji.

Kugonga kulipoanza, marehemu aliinua mkono wake wa kushoto kuelekea kioo cha kompyuta. Sindano akadhani hasikii vizuri. Akaongeza sauti.

Mgonjwa akafumba macho. Sindano akamtikisa bega. "Kaka, usilale bwana, sehemu tamu ndiyo hii."

Akafumbua. Machozi yakaanza kumtoka, na mabega yakatikisika, na Sindano, aliyekisubiri kicheko hicho kwa miaka thelathini na sita na nusu, akaona kimefika. Alimfuta uso kwa kanga huku naye akicheka. Alimpigia binti yake simu pale pale: "Mjomba wako anacheka! Anacheka hadi machozi!" Filamu ilipokwisha muuguzi alikuja akaiondoa meza. Marehemu alibaki akiutazama mlango wa wodi. Alifariki saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sabini na mitatu.

Wasifu ulioandikwa kwanza ulikuwa mfupi kuliko huu na ulimalizika kwa maneno "alifariki akiwa amecheka." Ulishapelekwa kwa mpiga chapa, na nakala zote zilishatoka, zimekunjwa vizuri. Mchana wa juzi mkata tiketi, ambaye sasa ni mama wa miaka themanini na anatembea kwa fimbo, alikuja msibani. Sindano akamkalisha jikoni, akamsimulia habari njema.

"Ulimwekea ipi?" mkata tiketi akauliza.

"Ile ya kwanza kwenye orodha. *Mpangaji Mpya*."

Yule mama akaweka kikombe chini. "Ile? Nani kakwambia anaipenda ile?"

"Daftari, shoga yangu. Namba moja."

"Sindano," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kaka yako alipanga kila kitu kama onyesho. Matangazo kwanza, vipande vidogo, picha kubwa mwisho. Orodha ile aliiandika dirishani pangu. Namba moja ni ya kufungulia. Picha yake ni ile ya tisa, ya fundi bomba."

Sindano akasema haidhuru, mradi alicheka. Ndipo mkata tiketi alipofunika uso kwa mtandio na kumweleza lililobaki. Jumamosi ile ya Agosti 1987, filamu iliyokuwa ikionyeshwa saa tisa ni *Mpangaji Mpya*. Simu ya hospitali iliingia wakati wa dakika zile kumi na mbili. Alipopanda kugonga mlango wa bati, mwenye nyumba alikuwa anagonga kwenye filamu, ukumbi mzima unapiga miguu sakafuni, na Bwana Picha ndani alisikia mlango unagongwa, akazidi kucheka. Aliugundua ukweli pale tu mwenye nyumba alipoacha kugonga kwenye picha na mlango wake ukaendelea kugongwa, kwani mkata tiketi alikuwa amepanda mara ya pili.

Baada ya siku hiyo Bwana Picha hakuionyesha tena. Ikipangwa, alibadilishana zamu na msaidizi wake. Mpwa wake naye sasa amekumbuka kwamba kwa miaka yote ya Jumapili mjomba aliomba filamu nane tu, na yeye hakuhesabu.

"Kwa nini basi aliiandika?" Sindano aliuliza.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Hii lazima ipite kwanza. Siku nikiweza kuipita, hizi nane nitazicheka zote.'"

Sindano alitoka msibani kwa miguu hadi kwa mpiga chapa, akamwambia nakala zile zitupwe. Mpiga chapa alimtazama kwa huruma. "Mama, wasifu hausomwi na mtu. Watu wanatafuta ratiba ya chakula tu." Sindano akamwambia huu utasomwa. Aliuandika upya usiku kucha na ndio huu.

Watu wema wameshamfariji. Wamemwambia hakujua. Ni kweli, hakujua, na majuto ni mjukuu. Wamemwambia pia kwamba marehemu aliipita ile filamu, akaimaliza, na hilo ni jambo. Aliimaliza kwa sababu hakuwa na ulimi wa kusema inatosha wala nguvu ya kusukuma meza. Mtu aliyekaa miaka thelathini na sita na nusu akikikwepa kile kishindo, mdogo wake alimfungia nacho kitandani, akamwongezea sauti, na akamkataza kufumba macho. Halafu muda wa muuguzi ukaisha. Zilibaki filamu nane ndani ya kompyuta, na ya fundi bomba ilikuwa mojawapo.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na binti yake Tiketi, ambaye marehemu atalazwa kando yake. Ameacha dada yake mkubwa, mkunga mstaafu; aliyekuwa mkewe, karani wa posta mstaafu; mpwa mmoja na watoto wake wawili; rafiki yake wa miaka hamsini na sita, mkata tiketi; vyerehani vitano vya watu vilivyokuwa vinasubiri kutengenezwa, wenyewe wanaombwa waje kuvichukua; na mdogo wake, Sindano.

Apumzike kwa amani, ile ambayo mdogo wake, kwa kumpenda, alimnyima katika saa zake za mwisho.